Pamba nyeupe kwenye sakulenti: kwa nini dawa ya nyanya haikumaliza kazi

"Shikamoo mtaalamu. Naishi ghorofa ya tatu hapa Dar es Salaam, na roshani yangu ina vyungu 23 vya sakulenti, ile mimea inayotunza maji kwenye majani yake manene: echeveria, krasula, haworthia, mishubiri miwili na ule mmea wa miba wenye maua mekundu. Tangu Januari naona vitu vyeupe kama pamba pale jani linapoungana na shina, na sisimizi wanapanda na kushuka siku nzima. Duka la pembejeo walinipa dawa ya nyanya. Nilipulizia mara moja, vikaisha. Baada ya wiki tatu vikarudi vingi kuliko mwanzo. Nikapulizia tena, ikawa vile vile. Jirani akanishauri sabuni ya unga na majivu. Nimeosha echeveria zote, sasa ule unga wao wa kibuluu umetoka na majani yana madoa ya kahawia. Krasula ina vidoti vyeupe pembezoni mwa majani. Haworthia moja imesinyaa ingawa naimwagilia kila baada ya siku mbili. Je, huu ni ugonjwa mmoja? Nitupe vyote nianze upya? Nina mtoto wa miaka 2 na naogopa kuendelea na dawa."

Marahaba, dada yangu. Usitupe kitu kwanza. Na hiyo chupa ya dawa ya nyanya ifunge leo, uiweke juu, mahali penye kufuli. Katika yote nitakayokueleza hapa hutaihitaji, isipokuwa lebo yake, ambayo nitairudia mwishoni.

Unachokiona kama ugonjwa mmoja ni mambo manne yaliyokutana kwenye roshani moja. Pamba ni wadudu. Vidoti vya krasula, kwa jinsi ulivyovieleza, huenda si wadudu hata kidogo. Madoa ya echeveria ni majeraha ya sabuni. Na haworthia iliyosinyaa tatizo lake liko chini ya udongo, ambako bado hujaangalia. Nakuomba uyatenganishe kabla ya kushika chupa yoyote, maana hasara nyingi ninazoziona kwenye mimea ya ndani zinatokana na mtu kutibu mmea ambao hauumwi.

Chukua kijiti cha meno na kama una simu yenye kamera nzuri, ivute karibu. Fungua kwapa la jani lenye pamba, uchokonoe taratibu. Ndani utamkuta mdudu wa milimita 2 hadi 4, umbo la yai lililobanwa, mwili wa pinki au manjano uliopakwa unga mweupe, na nyuzi fupi nyeupe zimemzunguka pembeni kama pindo la mkeka. Ukimponda anatoa maji ya manjano au ya rangi ya machungwa. Huyo ni kidung'ata. Ile pamba iliyo kando yake mara nyingi ni mfuko wa mayai, na kidung'ata jike wa machungwa, ambaye ni mmoja wa wanaosumbua sana mimea ya vyungu, hutaga mayai 300 hadi 600 katika maisha yake. Ishike namba hiyo, maana ndiyo inayoeleza kwa nini dawa yako ilishindwa.

Sasa nenda kwenye krasula. Lowesha kidole, sugua kile kidoti cheupe. Kikiondoka chote kama chumvi, bila utelezi na bila rangi, ni chumvi kweli. Majani ya krasula yana vitundu vidogo sana ambavyo hutoa maji ya ziada, na maji ya bomba yenye madini yakikauka pale hubakiza alama nyeupe, sawa na ile unayoiona kwenye birika la chai. Mmea hauumwi. Vidoti hivyo vina mpangilio: vinakaa umbali unaolingana, juu ya jani au kando ya ukingo. Vidung'ata hawajipangi, wao hujificha kwenye mikunjo.

Na ule unga wa kibuluu wa echeveria haukuwa uchafu wala ukungu. Ni nta ambayo mmea unaitengeneza wenyewe, ni koti lake la jua na la mvua. Ikishafutwa kwenye jani, jani hilo halitaivaa tena upya. Sabuni ya unga ina soda na viungo vingine vilivyotengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, na nta mbele ya sabuni ile ni mafuta tu. Umeivua echeveria koti kisha ukairudisha kwenye jua la Dar, ndiyo maana imeungua. Majani hayo yatabaki na makovu. Lakini echeveria huota majani mapya kutoka katikati, na hayo yatakuja na unga wake kamili. Baada ya miezi kadhaa, majani ya chini yatakuwa yamekauka na kuondoka yenyewe. Mpaka hapo ziweke mahali penye mwanga ila jua kali la saa sita hadi saa kumi lisizifikie.

Turudi kwa vidung'ata, maana hao ndio wenye kazi.

Kidung'ata ana mrija mwembamba kama unywele, anauchoma hadi kwenye mishipa inayobeba chakula cha mmea. Kinachopita humo ni sukari nyingi na protini kidogo mno. Yeye anahitaji protini ili akue na kutaga, kwa hiyo hunywa kupita kiasi na kuitoa sukari ya ziada nyuma kama matone yanayonata. Matone hayo ndiyo yanayofanya majani yawe na ugiligili na vumbi lishike, na baadaye huota ukungu mweusi kama masizi. Hii pia ndiyo sababu mmea uliolishwa mbolea nyingi ya naitrojeni hushambuliwa zaidi: utomvu wake una protini zaidi, na jike hutaga zaidi. Kama ulikuwa unaweka mbolea, simamisha.

Juu ya mwili wake ana nta. Dawa uliyopulizia ni ya maji, na maji juu ya nta huteleza kama juu ya jani la mgomba. Wale waliokuwa wazi walikufa, na ndiyo ukaona "vimeisha". Waliokuwa ndani ya kwapa la jani hawakuguswa, na mayai ndani ya mfuko wa pamba hayakuguswa kabisa. Katika joto letu mayai huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Vitoto vinavyotoka ni vidogo, vya manjano, havina nta bado, na vina miguu inayotembea haraka. Hicho ndicho kipindi pekee ambacho mdudu huyu ni rahisi kuuawa. Wewe ulipulizia siku ya kwanza, ukasubiri wiki tatu. Walianguliwa, wakatembea hadi vyungu vya jirani, wakavaa nta, wakatulia. Uliporudi na chupa walikuwa wameshajifunika. Hata ungepewa dawa kali mara tano ya hiyo, kwa ratiba ile wangerudi.

Kwa hiyo nguvu ya dawa si hoja, dada yangu. Hoja ni siku unayorudi.

Kuna jambo jingine ambalo dawa ile ilifanya. Vidung'ata wana maadui zao: nyigu wadogo kuliko punje ya ulezi na mbawakavu wa madoadoa. Wengi mnakumbuka simulizi za muhogo. Kidung'ata wa muhogo aliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini, akaonekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kumaliza mashamba nchi baada ya nchi. Hakuzuiwa kwa kupulizia dawa. Alidhibitiwa na nyigu mdogo aliyepatikana Paraguay mwaka 1981, akafugwa na kuachiwa katika nchi nyingi za Afrika. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, na kwa miaka mingi aliongoza kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi. Sikwambii utafute nyigu wa kuweka kwenye roshani. Kwa vyungu 23 haiwezekani kuwategemea. Nakwambia kwa sababu dawa inayoua kila kinachotembea inawaondoa hao pia, na kidung'ata aliye ndani ya pamba ndiye anayebaki.

Sisimizi nao hawali mmea wako. Wamefuata sukari. Wanayanywa yale matone, na kwa kulinda chakula chao huwafukuza nyigu na mbawakavu, na hata huwabeba vitoto vya vidung'ata hadi mmea mwingine. Wakulima wa kahawa wa Kenya walilijua hili zamani: walipovamiwa na vidung'ata, sehemu ya kazi ilikuwa kuzuia sisimizi wasipande shina. Nawe fanya hivyo. Bibi zetu waliweka miguu ya kabati la chakula ndani ya makopo ya maji. Weka miguu ya shelfu yako vivyo hivyo, na juu ya maji mimina mafuta ya kupikia kidogo, mbu wasije wakazaa humo. Hakikisha hakuna jani wala kamba inayogusa ukuta, sisimizi akiona daraja atalitumia.

Kazi yenyewe ianze hivi. Nunua duka la dawa spiriti ya kusafishia vidonda, yenye nguvu ya asilimia 70. Usitumie ile ya kuwashia jiko, imechanganywa vitu vingine. Nunua pia brashi ndogo ya rangi ya watoto wa shule. Chovya ncha, mguse mdudu mmoja mmoja. Usifute jani. Ukiona mwili wake umebadilika kutoka mweupe kuwa wa kahawia au pinki, nta imeyeyuka na amekwisha. Pamba yote ichokonoe kwa kijiti, ifutie kwenye kipande cha karatasi ulicholowesha spiriti, mayai yasidondoke kwenye udongo. Kwa echeveria tumia mkono mwepesi zaidi, kwani spiriti nayo huondoa nta pale inapogusa. Kidoti kimoja kisicho na unga ni bei ndogo. Kabla ya kuanza, jaribu jani moja la kila aina ya mmea na usubiri siku 2. Fanya jioni, kivulini, madirisha wazi, mbali na jiko la gesi, mtoto akiwa amelala.

Siku ya 7 rudia. Siku ya 14 rudia. Siku ya 21 rudia, hata kama huoni kitu. Mara ya pili na ya tatu ndizo zinazowakamata wale vitoto wa manjano kabla hawajavaa nta. Baada ya hapo kagua kila wiki, na usijisifu kabla ya wiki sita mfululizo bila mdudu. Miaka ya nyuma nilikuwa na meza ya haworthia, nikaisafisha vizuri mara mbili, nikaona imetakata nikaacha. Mwezi uliofuata nilikuta pamba kwenye kila chungu. Tangu siku ile naandika tarehe kwa kalamu kwenye kipande cha plasta pembeni mwa chungu.

Utaniuliza, na sabuni je, na mwarobaini? Sabuni ya maji isiyo na manukato wala dawa ya kung'arisha, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, inafaa kwa haworthia na mshubiri, ukiisuuza baada ya saa chache. Krasula hapana: hata sabuni zilizotengenezwa kwa ajili ya mimea huichoma. Echeveria umeshaona mwenyewe. Mafuta ya mwarobaini yanafanya kazi kweli; huwazuia wadudu wachanga wasijivue na kukua. Lakini ni ya polepole, huacha alama kwenye majani yenye unga, na mmea uliopakwa mafuta ukipigwa na jua huungua. Yatumie jioni kwa mshubiri na haworthia, ukipenda. Majivu yaache jikoni. Hayamfikii mdudu aliye ndani ya mkunjo, na yanabadilisha udongo wako.

Ipo pia dawa ya kumwaga kwenye udongo, aina ya imidakloprid, ambayo mizizi huinywa na mmea mzima kuwa sumu kwa anayeufyonza. Nisikufiche, hii inaweza kuwafikia hata vidung'ata wa mizizini. Ila sakulenti inapopumzika hainywi maji mengi, hivyo dawa hupanda polepole na bila usawa. Maua yake huwa hatari kwa nyuki. Na udongo wa chungu ni kitu cha kwanza ambacho mtoto wa miaka 2 hukitia mkononi na mdomoni. Ningekuwa kwako nisingeitumia. Na hili ni muhimu: kama ile mishubiri miwili ilipuliziwa dawa ya nyanya, na nyumbani mna desturi ya kupaka utomvu wake kwenye ngozi au kuunywa, acheni. Ibaki ya mapambo, na wa matumizi upandwe mwingine.

Haworthia sasa. Kusinyaa si kiu siku zote. Mmea usio na mizizi husinyaa hata ukiwa umesimama kwenye maji, na kumwagilia kila baada ya siku mbili ni kwingi mno kwa mmea unaotunza maji kwenye majani. Igonge chungu pembeni, uitoe yote. Angalia ukuta wa ndani wa chungu kwanza. Ukiona unga mweupe wa kibuluu umeshika plastiki kama chokaa, na kwenye mizizi kuna vitu vyeupe vidogo kama vipande vya punje ya mchele vinavyosogea polepole, hao ni vidung'ata wa mizizi. Usiwachanganye na punje nyeupe ngumu ambazo wauzaji huchanganya kwenye udongo. Hizo ukizibana ni kama kijiwe chepesi. Ukikuta mizizi ya kahawia, laini, yenye harufu ya kuoza, ni maji mengi. Unaweza kukuta vyote viwili pamoja.

Dawa yake ni moja. Tupa udongo wote kwenye takataka, siyo kwenye chungu kingine. Osha mizizi chini ya bomba, kata iliyokufa kwa kisu ulichokipitisha kwenye spiriti, acha mmea ukauke kivulini siku 5 hadi 7. Panda kwenye udongo mpya, nusu yake iwe mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa au kokoto ndogo. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Subiri wiki moja ndipo umwagilie, na baadaye umwagilie udongo ukishakauka hadi chini. Kisha kagua mizizi ya vyungu vilivyokaa na haworthia hiyo kwenye sinia moja, kwa sababu wadudu hawa hupita kwenye matundu ya chini pamoja na maji.

Wakati unakagua, unaweza kukutana na wengine. Vidugamba ni vinundu vya kahawia vilivyonata kwenye shina kama punje ya dengu iliyobanwa; vikwangue kwa ukucha kisha fuata ratiba ile ile ya spiriti. Utitiri mwekundu huacha jani lenye rangi ya shaba na utando mwembamba: kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe, vumbi likianza kutembea ndio hao, osha kwa maji mara kwa mara. Kwenye mshubiri, ukiona nyama imevimba na kukunjamana kama koliflawa, ni kazi ya utitiri wa mishubiri ambao macho hayauoni. Huo unaishi ndani, spiriti haiufikii. Kata sehemu yote, funga kwenye mfuko, utupe. Ikiwa imeenea hadi kitovu cha mmea, mmea mzima uende.

Ule wa miba wenye maua mekundu una maziwa meupe yanayounguza. Vaa glavu, usishike macho, na uweke mahali ambapo mtoto hafiki, wadudu wawepo wasiwepo.

Kuhusu kutupa: tupa mmea ambao kitovu chake kimeoza au umejaa pamba kiasi kwamba huoni shina. Kabla ya kuutupa chuma majani 3 au 4 safi ya echeveria, yasafishe, yalaze juu ya mchanga mkavu kivulini. Yataota. Ukinunua mpya, ukae chumba kingine wiki 4 kabla haujaingia roshani.

Mahali pa kuomba msaada wa ana kwa ana ni hapa. Ukimaliza ile raundi ya nne na pamba bado inaenea, au ukaona uvimbe usiofanana na niliyoyaeleza, weka jani ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa na umpelekee afisa kilimo wa kata au wilaya. Kwa mdudu asiyejulikana atakuelekeza kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake makuu yako Arusha. Na hapa ndipo lebo inapohusika. Ikiwa mtoto amegusa au amelamba dawa ile, au wewe mwenyewe baada ya kupulizia umetoka jasho, mate, kizunguzungu, macho kutoona vizuri au kifua kubana, nenda hospitali mara moja na chupa mkononi, daktari asome kilichomo. Usimtapishe mtoto, usimpe maziwa ukidhani yanazimua. Osha sakafu ya roshani kwa maji na sabuni, na vile vyungu ulivyopulizia vipandishe juu, mbali na mikono yake.

Jumamosi anza na haworthia. Ukishaitoa, piga picha ya mizizi na ya ukuta wa ndani wa chungu, kwa mwanga wa mchana, unitumie.